Kamba ya Kesi Baadaye

Ulimwacha Beldina, msomaji, ameng'ang'ania ua wa michongoma kando ya uwanja, mkono mdomoni, macho yamemtoka. Alikuwa ametaka kumjua mtu aliyeshika kamba ya fahali. Basi sasa amemjua, na heri asingemjua.

Mtu yule alikuwa amejipaka majivu uso mzima. Kofia ya ngozi ya mbega ilikuwa imemshuka hadi kwenye nyusi. Watu wote waliojaa pale karibu na Sigalagala walidhani ni mshika-kamba wa kukodiwa kutoka Shinyalu.

Lakini Beldina hakuhitaji uso. Aliyaona magoti. Yamekunjwa kidogo, miguu imepanuka, kiwiliwili kimeinama mbele, vile kipa anavyosimama penalti inapopigwa. Alikuwa ameyaona magoti hayo Jumamosi baada ya Jumamosi, kutoka jukwaani. Yalikuwa ya Protus Shikanga, kipa wa Miwa United, mume wake wa ndoa.

Protus huyo huyo alikuwa amemuaga alfajiri kwa maneno matamu. "Naenda mochari kuchukua mwili wa baba. Wewe kaa na mama."

Na Protus huyo huyo alikuwa amemwapia kwa jina la mtoto wao Nanjala kwamba hataigusa kamba ya ng'ombe. Jumanne ndege ilikuwa inamngoja Nairobi. Alikuwa anakwenda Oman kudaka mpira wa kulipwa, na mkataba ulikuwa umesema wazi: mchezaji asijihatarishe nje ya uwanja. Beldina alikuwa ameusoma mstari huo kwa sauti, akaurudia, kisha akamfungia mumewe mlango wa maneno. "Mikono yako ndiyo shamba letu. Ukiiharibu, tutalima wapi?"

Protus alicheka, akambusu paji la uso. Wanaume wakikucheka hivyo, dada yangu, shika moyo.

"Protus!" Beldina akapiga yowe. "Baba Nanjala! Achia!"

Nani amsikie? Ngoma za isukuti zilikuwa zinanguruma, vijana wanaruka na matawi mikononi, vumbi limewaka. Mzee Shikanga alikuwa mfuga mafahali, na kwa ukoo wake mzee wa namna hiyo hafukiwi kimya kimya kama paka. Asubuhi ya mazishi fahali wake hupiganishwa, kisha huletwa nyumbani akazungushwa kaburi. Hiyo ndiyo shilembe. Na mwenye kuishika kamba, kutoka uwanjani hadi kaburini, ni kifungua mimba wa kiume.

Fahali wa marehemu aliitwa Kesi Baadaye. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kupiga kwanza. Mbele yake alisimama fahali mweusi wa watu wa Ilesi, anakwaruza ardhi kwa kwato.

Beldina hakuwatazama mafahali. Alikuwa anaitazama kamba.

Yeye ni binti wa mshika-kamba. Alikua akimsikia baba yake akiwafokea vijana: kamba ya fahali inalala kiganjani, haivaliwi mkononi. Fahali akivuta, unamwachia aende na Mungu wake. Sasa aliona kamba ya Kesi Baadaye imezungushwa kwenye kiganja cha mumewe, ikazungushwa tena kwenye kifundo, ikakazwa.

Angejuaje maskini? Maisha yake yote Protus alifundishwa jambo moja tu. Ukishadaka, usiachie.

Pembe zikagongana.

Kesi Baadaye akageuza shingo ghafla kumkwepa mwenzake. Kamba ikakaza. Protus akanyanyuliwa kama gunia tupu, akaanguka kifudifudi, akaburutwa. Umati ukalipuka kwa vifijo! Walidhani ni ushujaa. Walidhani amekataa kuachia, kumbe kamba ndiyo iliyokataa kumwachia yeye.

"Shujaa!" mzee mmoja akapaza sauti. "Hapo ndipo mwanamume anashikanga!"

Beldina akapenya michongoma. Miba ikamchana gauni na mapaja, hakuhisi. Alipofika katikati, vita vilikuwa vimekwisha. Fahali wa Ilesi alikuwa anatimua mbio kuelekea barabarani.

Kesi Baadaye alikuwa ameshinda, na vijana walikuwa wamembeba mshika-kamba mabegani. Kofia ilikuwa imemwanguka.

"Ni Protus! Ni mtoto wa mzee mwenyewe!"

Uwanja mzima ukaliitikia jina lake. Na Protus alikuwa anatabasamu huko juu, msomaji, tabasamu la meno yote. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umejificha ndani ya koti, chini ya kwapa.

* * *

"Toa nione."

"Beldi, nyamaza. Watu watasikia."

"Wasikie! Hiyo mkono iko wapi? Toa nione!"

Walikuwa nyuma ya jiko la mama mkwe, baada ya vijana kumshusha nyumbani kwa shangwe. Protus alikuwa ameegemea ukuta wa udongo, jasho linamchuruzika juu ya majivu.

"Ulinidanganya," Beldina akasema.

"Nilikudanganya. Nilijipaka majivu usinijue kabla sijamaliza."

"Kwa nini? Si uliapa? Si ulikuwa umebakisha siku mbili tatu tu?"

 Protus aliongea akitazama chini, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Jana baba mdogo Khisa aliniita kando ya zizi. Akaniambia nisijisumbue na kamba, kijana yake atashika. Nikamuuliza kwa nini na mimi ndio wa kwanza. Akacheka. Akasema kamba ya mzee inashikwanga na damu ya mzee. Akasema, Protus, watu wako na macho. Waliona vile mama yako aliingia hapa, na waliona tumbo yake."

 Uvumi huo Beldina aliusikia tangu aolewe. Wanawake wa kisimani walikuwa wakiunong'ona na kunyamaza akifika.

"Ningekataa kushika," Protus akaendelea, "leo mama angesimamishwa mbele ya kaburi ya bwana yake kama malaya. Ungetaka niende Oman niache hiyo nyuma yangu?"

"Nilitaka uende na mikono."

Hapo ndipo Kageha alipotokea, dada yake Protus anayemfuata kwa kuzaliwa. Kageha ni muuguzi wa zahanati, mwanamke asiye na maneno mengi. Hakuuliza kitu. Alimvuta kaka yake ndani ya jiko, akamkalisha kwenye kigoda, akalifungua koti.

Alipoutazama mkono, akageuza uso ukutani. Beldina aliuona mgongo wake ukitikisika.

"Kageha, sema."

"Kidole gumba imetoka mahali yake. Hizi mbili zimesagika. Ngozi ya kiganja yote imeenda na kamba." Akavigusa vile vidole kwa upole. "Ona vile viko baridi. Damu haifiki."

"Itapona?" Protus akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mtu mkubwa hivyo.

"Ukifika hospitali ya mjini sasa hivi, ukipasuliwa leo, pengine. Kesho watakata. Mimi nimeona nyingi, ndugu yangu, sikudanganyi."

Akachana kipande cha leso, akaufunga. Alipokuwa anafunga fundo la mwisho, kivuli kikaziba mlango.

Alikuwa Khisa, ndugu mdogo wa marehemu. Suti ya kijivu, fimbo mkononi, macho makavu siku ya mazishi ya kaka yake.

"Jeneza iko tayari," akasema. "Fahali inangoja kuzungushwa. Mshika-kamba ako wapi?"

"Baba," Beldina akasema, akijitahidi kuweka heshima, "huyu ameumia vibaya. Lazima aende hospitali."

Khisa akautazama mkono uliofungwa. Akautazama kwa muda, kisha akatikisa kichwa kwa huruma ya kununua dukani.

"Pole. Basi aende. Mimi sijamkataza mtu. Kijana yangu atashika kamba, kazi imalizike." Akageuka kuondoka. "Nilisemanga. Ng'ombe inajua mwenyewe wake."

Kikulacho ki nguoni mwako. Protus alikuwa amesimama kabla Khisa hajamaliza kugeuka.

"Nakuja," akasema.

"Protus, hapana!" Beldina akamshika koti. "Ulishashinda uwanjani. Wameona. Inatosha!"

"Haijatosha. Kamba haijafika kaburini."

"Na Oman?"

"Bwana Kipruto asijue." Kipruto ndiye meneja wa Miwa United, aliyezunguka kila mahali kumtafutia nafasi ile. "Mtu yeyote asijue. Nitafungwa plasta huko huko, nitasema niliteleza. Nitapona."

"Utapona na nini? Umesikia dada yako?"

"Beldi." Akautia mkono wake mzima shavuni mwa mkewe. "Niapie. Niapie kwa Nanjala kwamba hutamwambia mtu. Nikimaliza kuzungusha, nitakufuata popote unipeleke."

Kageha alikuwa anatikisa kichwa. Beldina alimwona. Lakini aliyaona pia macho ya mumewe, na hajawahi kuyashinda macho hayo tangu siku ya kwanza.

Akaapa. Mapenzi, msomaji, hayana akili, na ukimpata mwenye akili katika mapenzi mwulize kama analala vizuri.

* * *

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwachilia Protus mbele ya watu wote, asidharauliwe. Beldina akajiambia mama mzazi hahesabiwi katika kiapo, akakimbia kwake.

Mama Awinja alikuwa ameketi chini kando ya jeneza, Nanjala amelala mgongoni mwake katika mbeleko, wanawake wa kanisa wakiimba pande zote. Beldina akapiga magoti, akamnong'oneza.

"Mama, Protus ameumia mkono. Usipomtoa sasa, atakatwa. Sema neno moja tu. Sema mzee alitaka mtu mwingine ashike kamba. Watakusikia wewe."

Mama mkwe akamtazama kana kwamba amechomwa na mwiba. Akainuka bila neno, akamshika mkono, akamvuta hadi chumba cha marehemu. Akafunga mlango. Kitanda cha mzee kilikuwa kimetandikwa, na redio yake ya kusikilizia mpira ilikuwa bado juu ya mto.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Ameniambia nini, mama?"

"Kwamba mzee alisema hivyo."

 Beldina alikuwa amebuni tu. Alikuwa amejitungia uongo wa kumwokoa mumewe, na uongo ule ukageuka kweli mikononi mwake.

"Alisema?"

"Alisema." Mama Awinja akakaa kitandani, mtoto akigeuka mgongoni bila kuamka. "Siku aliposhindwa kumeza uji aliniita. Akasema, mwambie Khisa na wazee. Mikono ya kijana yangu ni ya mpira. Kamba ishikwe na mtu yeyote, Protus asiguse. Akarudia hiyo maneno mpaka nikaishika."

"Na hukuwaambia?"

Mama Awinja akaikaza mbeleko.

"Mama! Hukuwaambia?"

"Ningewaambia aje?" Yule mama akalipuka kwa kilio alichokuwa amekibana tangu mume wake afe. "Wangesema nini? Wangesema ona, hata mzee mwenyewe amemkataa! Amemtoa kwa kamba! Miaka hii yote nimetembea hapa nikiinamisha kichwa, na siku ya kumzika ndio wapate ushahidi?"

"Lakini ni porojo tu, mama. Ni maneno ya watu."

Mama Awinja akaipapasa ile redio juu ya mto, akakizungusha kitufe chake ambacho hakikuwa na sauti tena.

"Si porojo, mwana wanje, mwanangu."

Nje wanawake walibadilisha wimbo. Beldina aliusikia kama unatoka ng'ambo ya mlima.

"Shikanga alinichukua nikiwa na hiyo mimba," mama akasema. "Alijua. Nilimwambia mwenyewe, chini ya mti wa kanisa, nikingoja anitukane. Akaniambia twende nyumbani. Hakuniuliza tena hata siku moja. Na mpira ilipokuwa kwa redio, Protus akidaka, alikuwa anaruka hii kitanda yote akipiga kelele, kijana yangu! Kijana yangu!"

Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga. Hawakusema nani atalia pale mama anapochelea jina lake mwenyewe. Mimi nitakwambia: wote watalia.

Beldina hakuwa na nafasi ya kulia. Alikuwa na jambo moja kichwani. Protus ameuharibu mkono wake kwa ajili ya kitu ambacho si kweli, na aliyekufa alikuwa amemsamehe kamba hiyo kwa mapenzi. Akiambiwa hayo sasa hivi, ataitupa. Ataitupa kamba na mkono utapona!

Akaufungua mlango kwa kishindo, akatoka mbio.

* * *

Alichelewa kwa pumzi moja.

Kesi Baadaye alikuwa tayari anazunguka kaburi. Ngoma zilikuwa zimeshuka, zinagonga polepole kama moyo. Protus alikuwa mbele, kamba katika mkono wa kushoto, ule wa kulia umefichwa kotini. Alitembea wima. Fahali mkubwa yule, aliyekuwa anafurukuta asubuhi, alimfuata kwa utulivu hadi watu wakaanza kutazamana.

"Ona vile anatembea," bibi mmoja akasema karibu na Beldina. "Ni mzee mtupu."

"Hata shingo," mwenzake akaitikia. "Sisi tulikuwa tunasema nini jameni? Mungu atusamehe."

"Hiyo ng'ombe haiwezi fuata mtu wa nje. Huyo ni wa Shikanga!"

Minong'ono ikapita kutoka mdomo hadi mdomo, ikalizunguka kaburi lote, ikamfikia Protus. Beldina aliiona ikimfikia. Mabega yake yalishuka, kana kwamba ameshushiwa mzigo wa kuni aliobebeshwa tangu utotoni. Akaanza kulia waziwazi, mbele ya wazee, bila kujifuta.

Na Khisa, hapo alipokuwa amesimama, akayainamisha macho.

Beldina alikuwa amefungua kinywa. Akakifunga.

Atamwambia nini? Kwamba alichokinunua kwa mkono wake ni cha bandia? Amnyang'anye siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kitu pekee alichopata badala yake? Moyo ukamvunjika, msomaji, naye akausikia ukivunjika. Akabaki amesimama na ukweli wake mdomoni kama mtu aliyetafuna pilipili mbele ya wageni.

Jeneza likashushwa. Udongo ukaanza kuanguka. Protus akampa mtu kamba na kuja moja kwa moja kwa mkewe, uso umelowa, unang'aa.

"Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Wamesema mimi ni wake. Khisa mwenyewe amekosa la kusema." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Sasa twende hospitali, mama Nanjala. Sasa naweza. Twende haraka, naona giza."

Twende! Beldina hakuamini masikio yake. Jirani alikuwa na pikapu kando ya lango, na Kageha alikuwa keshamwamsha dereva. Beldina akamkumbatia mumewe kiunoni, wakaanza kupita katikati ya watu. Mkono ungali na muda. Kageha alisema leo, na leo bado ilikuwepo.

"Nilikuona ukitoka chumba ya mzee na mama," Protus akasema wakitembea. "Alikuambia nini?"



"Aliniambia mzee alikuwa anaruka kitanda ukidaka. Alikuwa anakuita kijana yangu."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Walikuwa wamebakisha hatua chache wafike kwenye pikapu. Ndipo Peujoti nyeupe ilipoingia langoni, ikaziba njia, ikasimama. Mlango ukafunguliwa, akashuka Bwana Kipruto, meneja, koti jeusi la mazishi. Kutoka upande wa pili akashuka mzee wa kanzu nyeupe na ndevu zilizochongwa vizuri.

Protus akasimama kana kwamba amepigwa risasi.

"Ni Bwana Suleiman," akanong'ona. "Kocha wa Oman."

"Mwambie ukweli, Protus."

"Umeapa kwa Nanjala."

Akageuka upande, kama mtu anayekohoa. Beldina aliona alichokuwa anafanya, akataka kupiga kelele. Alikuwa analifungua lile fundo la leso kwa meno. Akakivuta kitambaa, akakitia mfukoni. Bandeji ingeuliza maswali.

"Pole sana, mwanangu, pole sana." Bwana Suleiman alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilitoka laini kama asali. "Nilipata habari ya msiba, nikamwambia Kipruto siondoki Kenya bila kukupa mkono. Mola amrehemu mzee wako."

Akaunyosha mkono wake wa kulia.

Uwanja wote wa nyumba ulikuwa unatazama. Mkono wa kushoto haupewi mgeni, tena mkubwa wako, tena matangani. Protus akamtazama Beldina. Kisha akautoa mkono wa kulia kutoka kotini, akautia ndani ya kiganja cha yule mzee.

Bwana Suleiman akaushika kwa mikono yake yote miwili. Akaubana, akautikisa kwa moyo wote, kama watu wa kwao wanavyofanya kwa mtu wanayempenda.

Protus hakupiga kelele. Hata kope haikucheza. Machozi tu yakaanza kuteremka, mengi, yakidondoka kidevuni.

"Lia, mwanangu," Bwana Suleiman akasema, akiubana zaidi. "Usione haya. Baba ni baba."

Katika mamia ya watu waliokuwa pale, Beldina ndiye pekee aliyejua kila kitu kilichokuwa ndani ya machozi yale. Akauma mdomo hadi akaonja chumvi.

Mwisho mzee yule akauachia. Akaona doa jekundu kwenye mkono wa kanzu yake, akalitazama.

"Ni ya ng'ombe, mzee," Protus akasema haraka, mkono keshaurudisha kotini. "Tumechinja."

Bwana Suleiman akaitikia kwa kichwa. Beldina akashusha pumzi. Pikapu ilikuwa inanguruma palepale. Dakika moja tu ya adabu, wageni waingie ndani, nao waondoke.

Lakini Kipruto alikuwa anatoa kitu katika buti ya gari. Ulikuwa mpira mpya, umetiwa sahihi na wachezaji wote wa Miwa United, wa kuwekwa juu ya kaburi la mzee aliyewapenda. Na Kipruto ana salamu yake ya miaka, kila mchezaji anaijua. Akikuta kipa mahali popote, sokoni, kanisani, hotelini, humrushia chochote alicho nacho: chungwa, funguo, mkate. Protus hajawahi kukosa kimoja.

"Kipa!" Kipruto akaita kwa upole, na mpira ukawa hewani.

Mikono yote miwili ya Protus ikatoka yenyewe. Hakuiita. Ikaufuata mpira kama ilivyoufuata tangu akiwa mtoto, ikaufunga kifuani.

Kisha mpira ukateleza. Ukaanguka, ukadunda, ukabiringika kwenye nyasi hadi miguuni pa Khisa, nyuma yake umeacha alama nyekundu. Protus alibaki amenyosha mikono, ule wa kulia wazi mbele ya watu wote. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alikuwa ameachia.

Waimbaji walinyamaza. Mama Awinja alikuwa amesimama mlangoni, Nanjala mgongoni, anamtikisia Beldina kichwa: usiseme, usiseme.

Bwana Suleiman hakumwuliza Protus kitu. Alimgeukia Beldina.

"Binti, wewe ndiye mkewe," akasema. "Nieleze wewe. Mume wako amefanya nini, na kwa ajili ya nini?"

Beldina akamtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, kisha akamtazama mtoto aliyeapiwa, amelala fofofo mgongoni mwa bibi yake. Akafungua kinywa.